Fundi Aliyefungua Gitaa Mbele ya Umati

Fundi alipiga watu kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia aliuhifadhi kwa kazi. Jambo hilo lilijulikana Karurumo nzima, na yeyote aliyekuwa na sababu ya kuogopa aliukodolea macho mkono huo tangu alipoingia karakanani. Ulikuwa mkono mnene, wenye ukucha mmoja mweusi uliouawa na nyundo, na kabla ya kupiga ulijifuta kwanza kwenye aproni, taratibu, mbele na nyuma. Nimewaona watu wazima wakirudi kinyumenyume hadi barabarani kwa sababu tu Fundi alikuwa amegusa aproni yake.

Sitamtaja kwa jina. Karurumo ni kituo kidogo, na waliomjua watamtambua bila msaada wangu. Wasiomjua hawatafaidika na jina. Mimi nimemjua tangu nilipokuwa sekondari kwetu Kanja, na sasa ninaandika nikiwa chuoni Nchiru, ambako ninapaswa kuwa nikikamilisha tasnifu ya uzamili kuhusu mitetemo ya nyuzi. Kazi hiyo imesimama. Kila ninapochora uzi uliokazwa kati ya ncha mbili, ninamwona mtu aliyeshikwa mikono na watu wa pande mbili, na kalamu inakataa kuendelea.

Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati kati ya bucha ya Bakari na duka la mbolea. Alitengeneza redio, amplifaya za makanisa na, juu ya vyote, magitaa. Mteja akiuliza kazi yake itakuwa tayari lini, Fundi alijibu neno moja: "Ikikauka." Alilisema hata kwa redio. Gitaa lililotoa sauti isiyo na msimamo alisema linalia kama mtu wa serikali, na hakulitoa karakanani mpaka liache.

Nilifika kwake mara ya kwanza na gitaa la vijana wa kanisa letu. Aliligusa, akaubana uzi katikati, akaniuliza kwa nini sauti inapanda lakini inabaki ile ile. Nilimwambia ni kwa sababu uzi umekatwa nusu.

"Nani alikwambia?"

"Nimesoma."

"Sawa, profesa," akasema, na tangu siku hiyo hakuniita kwa jina lingine. Sikuwahi kuwa na hakika kama lilikuwa sifa au dhihaka. Nadhani lilikuwa lolote kati ya hayo, kutegemea na jinsi alivyoamka.

Nikumbuke kwanza makofi yake, kwa kuwa ndiyo watu huanza nayo. Mzee mmoja wa kanisa alimletea gitaa lililobebwa juu ya pikipiki katika mvua. Lilikuwa limevimba kama maiti ya ng'ombe.

"Hii ilinyeshewa?" Fundi akauliza.

"Kidogo tu. Si ni mbao? Mbao si ni mti?"

Mkono ukajifuta. Kofi lilimpiga mzee huyo hadi kofia ikaruka nje ya mlango. Fundi akaifuata kofia, akaikung'uta vumbi, akamrudishia kichwani kwa uangalifu. "Hata wewe ni nyama," akamwambia, "lakini sijakuweka kwa sufuria." Mzee yule alirudi tena na tena kwa miaka, kwa sababu hapakuwa na mwingine kati ya Runyenjes na mlima aliyeweza kuinyoosha shingo ya gitaa iliyopinda.

Hakujionea huruma yeye mwenyewe pia. Wakati mmoja alitengeneza gitaa kutoka mwanzo, kazi ya miezi mingi, akalifunga nyuzi, akapiga sauti moja tu. Akasikiliza mpaka ikafa. Kisha akazifungua nyuzi na kuzikunja vizuri, kwa kuwa hazikuwa na kosa, akachukua shoka na kulipasua gitaa lile vipande vidogo, akachemshia chai. Tuliinywa, mimi na Bakari, bila kuthubutu kusema kitu. Bakari peke yake, alipomaliza kikombe, alisema kwamba chai ilikuwa imeiva vizuri.

Lakini mtu huyu aliyeng'oa meno ya wenzake hakuweza kuona kuku akichinjwa. Bakari, jirani yake Mwislamu ambaye mji wote ulimwamini kwa kisu, alikuwa akimchinjia kuku wa sikukuu, na Fundi alikuwa akienda nyuma ya duka la mbolea na kuifungulia redio sauti yote mpaka aitwe. Bakari alicheka mpaka akajishika mbavu. "Huyu anavunja watu taya," alisema, "halafu kuku anamlilia." Fundi alimjibu kutoka nyuma ya duka kwamba kuku hajamkosea.

Nimelifikiria jibu hilo kupita kiasi. Kwa muda nilidhani lina kanuni ndani yake: kwamba kila aliyempiga alikuwa amemkosea, na kwamba ukimpata asiye na kosa, mkono ule utalala. Nilikuwa mdogo, na kanuni zilinivutia.

Mtu aliyemkosea kuliko wote aliitwa Njeru. Alikuwa akipiga gitaa katika bendi ya Nyaga, bendi ya harusi na ruracio, yaani sherehe za mahari, iliyojulikana vijijini kote kwetu. Njeru aliishi na binti pekee wa Fundi, na siku moja alimpiga binti huyo mpaka taya likavunjika. Nilimwona msichana karakanani baadaye akinywa uji kwa mrija, akitazama ukuta. Fundi alichagua klempu moja ya chuma, ile ndefu ya kubania mbao zilizotiwa gundi, akaipima uzito mkononi, akaiacha, akachagua nyingine nzito zaidi. Alimpata Njeru shambani kwao akichuma majani ya muguka ya kutafuna. Alimvunja mfupa wa bega na mbavu, na angeendelea kama mama yake Njeru hangemlalia mwanawe juu.

Siku ya soko iliyofuata, Fundi alisimama kwenye kiti mbele ya bucha na kuwatangazia watu. Nilikuwepo.

"Njeru kwangu ni mwizi na atakufa kama mwizi," alisema bila kupaza sauti sana. "Siku mtamshika, msianze bila mimi. Mniite. Mimi ndio nitaleta kiberiti."

Watu walipiga makofi. Nilipiga pia, nadhani. Nyaga alimfukuza Njeru kwenye bendi siku hiyo hiyo.

Sasa nieleze gitaa la Nyaga, kwa sababu bila hilo mengine hayaeleweki. Lilikuwa gitaa la umeme la kawaida, jekundu. Nyaga alikuwa na sauti ya kifuani, nzito, na kila wimbo ulimlazimu kupanda kulifuata gitaa. Akilegeza nyuzi ili zishuke kwake, zililegea kama kamba ya kuanikia nguo na kugonga vyuma vya shingo. Kinachohitajika katika hali hiyo ni uzi mnene zaidi na mrefu zaidi, ili ushuke bila kulegea. Dada yake aliyeajiriwa ng'ambo alimtumia shingo ya baritoni: shingo ndefu, iliyotengenezwa ili ifungwe kwa skrubu kwenye kiwiliwili cha gitaa la kawaida. Nyaga aliileta ikiwa imefungwa kwa shuka kama mtoto.

Fundi aliipima, akaona ni ndefu kuliko ya zamani, na akafikiri kama fundi yeyote wa kwetu ambaye hajawahi kuona kitu kama hicho. Alijua sheria moja ambayo haivunjiki: umbali kutoka juu ya shingo hadi chuma cha katikati lazima ulingane na umbali kutoka chuma hicho hadi daraja, yaani kile kibao cha chuma kinachozishika nyuzi chini. Shingo imerefuka, basi daraja nalo lirudi nyuma. Akaling'oa daraja, akatoboa matundu mapya nyuma ya yale ya awali.

Nilifika siku hiyo kutoka Nchiru, nikaombwa nishike ncha ya futi. Nilipima, nikapima tena. Waliotengeneza shingo ile walikuwa wameuweka urefu wote wa ziada upande wa kichwani, na vyuma wakavipanga ili daraja libaki palepale lilipokuwa. Hapakuhitajika tundu hata moja.

Nilimweleza. Mkono wa kushoto ukaenda kwenye aproni, ukajifuta mbele, ukajifuta nyuma. Nilifunga macho. Pigo liliangukia ukuta wa mabati kando ya sikio langu, na Bakari akapiga kelele kutoka upande wa pili akiuliza kama kuna mtu amekufa.

"Bado," Fundi akamjibu.

Kisha akapanda juu ya meza, akauvuta kutoka darini mzinga wa nyuki, mkuukuu, uliochongwa kwa mti wa muringa na ambao aliununua Mbeere kwa ajili ya mbao tu. Alisema hakuna mbao iliyokauka zaidi ya ile iliyokaa juu ya mti ikifukizwa moshi maisha yake yote. Akachonga vijiti, akavitia gundi, akaziba yale matundu ya makosa. Karakana ikajaa harufu ya moshi wa zamani na asali iliyogeuka kuwa kitu kingine. Daraja likarudi mahali pake na kuvifunika vijiti hivyo. Kwenye sehemu ya juu ya shingo, pale nyuzi zinapoingilia, aliweka kipande kipya cha mfupa wa muundi wa ng'ombe ambao Bakari alimchemshia, na akavipanua vijia vyake kwa tupa ili vimeze nyuzi nene.

"Hii tunajua mimi na wewe," aliniambia akifuta tupa. "Ukimwambia mtu, nitakuchapa mbele ya mamako."

Nyaga alipolipiga gitaa lile mara ya kwanza, ndoano za nyama kwenye bucha zilitetemeka na mabati yakaitikia. Aliimba mstari mmoja, na kwa mara ya kwanza hakupanda popote. Gitaa lilikuwa limemshukia. Alimkumbatia Fundi, na Fundi akavumilia. Watu walilijua gitaa hilo tangu siku hiyo. Shingo yake ilizidi ya wenzake kwa kiasi ambacho mtoto angekiona akiwa mbali, na walipoliona likitolewa kwenye gari la bendi walianza kushangilia kabla halijapigwa.

Liliibwa katika harusi huko kwetu Kanja, bendi ikiwa inakula.

Siku ya soko ambayo ningependa kuieleza kwa utaratibu, nilikuwa Karurumo kwa sababu nilikuwa nimeshuka nyumbani kwa wikendi na kupita kumsalimu Fundi. Tulisikia filimbi kwanza, kisha ile sauti ambayo umati huitoa ukishapata mtu. Walikuwa wanamleta Njeru. Alikuwa na kiatu kimoja. Jicho moja lilikuwa limefungwa na damu, na mdomo wake ulikuwa umepasuliwa na jiwe hadi meno yakaonekana akiwa amenyamaza. Kijana mmoja aliyavingirisha matairi mawili ya pikipiki kama mtu anayepeleka kitu kurekebishwa. Mwingine alikuwa na mtungi mdogo wa petroli, alioushika mbali na nguo zake ili usimchafue.

Njeru alikuwa amekamatwa akijaribu kuuza gitaa. Lilikuwa jeusi, na shingo yake ilikuwa ya kawaida. Nyaga alikuwa analia. Alisema ameijua ile sehemu iliyolika pale mkono wake ulipoegemea.

"Hii ni yangu," alisema. "Amepaka rangi na akatoa shingo. Fundi, wewe ndio ulifungua. Iangalie tu, useme."

"Alisema tusianze bila yeye," mtu akasema nyuma. "Si tumemwita? Haya, Fundi, kiberiti iko?"

Watu wakacheka kidogo. Njeru alimtazama Fundi kwa lile jicho moja, na nikaona kwamba alikuwa ameacha kutumaini. Mkono wa kushoto ukajifuta. Fundi alimpiga ngumi moja ya shavu iliyomlaza chini, na umati ukanguruma kwa kuridhika. Kisha akalichukua gitaa, akaliweka juu ya meza ya nyama ya Bakari, akaomba bisibisi.

Alifanya kazi kwa mkono wa kulia, polepole, kama siku nyingine yoyote. Alilegeza uzi mmoja baada ya mwingine badala ya kuzikata. Skrubu alinipa mimi nizishike kiganjani. Watu walianza kunung'unika. Mmoja akampiga Njeru teke ili kujishughulisha. Fundi akasema bila kugeuka, "Ukipiga tena kabla sijamaliza, nitaanza na wewe."

Akainua daraja.

Vijiti vya muringa vilikuwepo, miduara iliyojichora chini ya rangi nyeusi, mahali pale pale alipoviziba. Harufu ilipanda hadi puani mwangu: moshi na asali iliyozeeka. Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi kwamba nilisikia pumzi yake ikikatika. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akaweka kiganja chake juu ya matundu, kana kwamba anapima joto.

"Si hii," akasema.

"Fundi, angalia tena," Nyaga akamwomba.

"Nimeangalia. Bodi yako nilifungua na hii mikono. Hii sijawahi kugusa." Akanigeukia. "Na huyu profesa alikuwepo. Muulizeni."

Nyuso zote zikanigeukia, na nikaliona tairi, na mtungi, na mguu wa Njeru usio na kiatu. Nilisema: "Sio lenyewe." Nililisema kwa Kiswahili safi cha darasani, na mtu mmoja akacheka, akasema kwamba hata wasomi wamekubali.

"Sasa tumwache aende hivi hivi?" kijana wa tairi akauliza.

"Mkimchoma kwa gitaa ya mtu mwingine," Fundi akamwambia, "Nyaga atapata yake wapi? Kwa majivu?"

Kila mtu alijua kwamba hapakuwa na mtu Karurumo aliyetaka kifo cha Njeru kuliko Fundi. Ndiyo sababu neno lake lilipita. Walimpiga Njeru mateke machache zaidi ya kuagana, na mkono wake mmoja ukavunjika katika hayo. Bakari alimpakia kwenye pikipiki kuelekea hospitali. Kijana wa mtungi alisimama akiwa ameushika, hajui aelekee wapi, kisha akaondoka nao. Fundi alirudisha daraja, akakaza skrubu moja baada ya nyingine, akaingia karakanani na kufunga mlango. Nilibisha. Hakufungua.

Nilirudi Nchiru nikiwa na maelezo kadhaa, nikayapanga kama mtu anayetayarisha sura ya tasnifu. La kwanza: alimwokoa kwa sababu hakuweza kumwona mtu akichinjwa, kama kuku. La pili: alimtaka Njeru kwa mkono wake mwenyewe, siku nyingine. La tatu lilinijia baadaye, nikiwa ninapima uzi maabarani, na likanifanya niweke kila kitu chini: angesema ndilo, wangemwuliza amejuaje, naye angelazimika kuwaonyesha watu wote wa soko matundu aliyoyatoboa vibaya. Nililichukia elezo hilo na sikuweza kuliondoa. Linafaa mahali pake vizuri mno.

Kisha Bakari akanipigia simu. Ilikuwa mchana, nikiwa kwenye foleni ya mandazi.

"Profesa, wamepata ile shingo."

"Shingo gani?"

"Ile ndefu. Walimpata nayo mtu wa vyuma chakavu, kwa mkokoteni. Hiyo hakuna mtu angekataa. Kila mtu anaijua."

Njeru alikuwa ameitupa au ameiuza; hakuna aliyejua, naye alikuwa ametoka hospitalini na kutoroka upande wa Maua. Mtu wa vyuma aliiokota kwa sababu ya vyuma vilivyopigiliwa juu yake. Alikuwa akiisukuma barabarani ikiwa imechomoza kati ya mabati na mabomba, bila kuificha. Bakari alisema Fundi alitoka mbio na aproni yake, bisibisi mkononi, akipiga kelele kwamba si yenyewe, kwamba ni ya gitaa jingine, kwamba wampe aifungue. Lakini shingo haifunguliwi. Hapakuwa na skrubu ya kulegeza wala uzi wa kutoa polepole. Watu walimcheka, kisha mtu akampiga Fundi mdomoni kwa kipande cha bomba, na alipoinuka yule mtu wa vyuma alikuwa tayari chini ya mawe. Bakari alisema hawakuhitaji petroli. Alisema hilo kana kwamba ni habari njema kidogo, kisha akaanza kulia kwenye simu.

Fundi alikuja Nchiru majuzi. Sikumwalika, na hakuwahi kuja kabla ya hapo. Nilimkuta amekaa kwenye benchi la kibanda karibu na hosteli yangu, amevaa koti la kanisani, wanafunzi wakinunua mandazi na kumzunguka kama maji yanavyozunguka jiwe mtoni. Meno mawili ya mbele hayakuwepo, na akizungumza maneno yalitoka na upepo.

"Ulinusa?" aliniuliza badala ya salamu.

Nilielewa mara moja. "Nilinusa, Mzee."

"Na ukaona."

"Niliona."

Akatikisa kichwa kwa muda. "Nilikuwa nafikiri labda hukuona. Labda ulisema tu vile nilisema."

"Niliona vijiti vyote."

"Basi tuko wawili." Alinunua chai, akaishika bila kuinywa. "Watu wananiambia nilimwokoa Njeru. Mama yake aliniletea ndizi. Nilizitupa. Unajua kwa nini nilisema si hii?"

Nilikuwa na maelezo matatu na sikutaka kuyachezea mbele yake.

"Nilikuwa nimetoboa vibaya," alisema. "Hiyo tu. Niliona ile muringa na nikaona haya. Hayo mengine mnasema nyinyi."

Sijui kama nilimwamini. Nimejiuliza tangu siku hiyo kama alisema hivyo kwa sababu ni kweli, au kwa sababu hakutaka kubaki na sifa yoyote mkononi. Wakati ule nilifanya jambo ambalo wasomi hulifanya: nilijaribu kumfariji kwa mantiki.

"Mzee, wewe hukumuua yule mtu. Hukuweza kujua."

Hakujifuta. Ndiyo sababu sikuliona likija. Kofi la mkono wa kulia lilinipiga shavuni mpaka kikombe changu kikaangukia mchangani, na wanafunzi wakarudi nyuma wakiwa na mandazi yao. Masikio yalinilia. Fundi alikitazama kiganja chake cha kulia, kile alichokihifadhi maisha yake yote, kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Nilijua," alisema taratibu. "Nilimwona yule kijana akirudi na mtungi wake umejaa. Nilijua watatafuta mwingine. Nilifunga mlango."

Tulikaa. Mwenye kibanda alituuliza kama kuna shida, nikamwambia hapana, huyu ni mzee wangu. Aliniletea chai nyingine.

"Nimekuja kukuuliza kitu kimoja," Fundi akasema mwishowe. "Wewe unasoma, unajua watu. Nimeuliza Bakari, nimeuliza wale wa mikokoteni wote, nimeuliza hata huko mochari. Alikuwa akiitwa nani?"

Nilimtaja Njeru akilini, nikamtaja Nyaga, nikamtaja Bakari. Niliweza kuwataja wote waliohusika na siku zile mbili. Nilifungua kinywa ili nimjibu, kwa mazoea ya mtu anayeulizwa swali.

"Sijui, Mzee," nilisema.

Akanitazama kwa muda, akisubiri, kana kwamba huenda nilikuwa nikihesabu na jibu lingefika. Kisha akainuka, akalipia chai yote, pamoja na ile iliyomwagika, akavuka barabara kwenda kusimama upande wa magari ya Embu.